Kumuuguza Mama ni Zamu ya Wengi

Watoto wanaokulia kambini hujifunza neno "zamu" kabla hawajajua kusoma. Wanajua kwamba askari huingia lindoni saa fulani na kutoka saa fulani, na kwamba mwenzake huja kuishika nafasi yake. Hakuna kamanda mwenye akili timamu awezaye kumwacha mlinzi mmoja langoni siku saba mfululizo, usiku na mchana, kisha akamlaumu kwa kusinzia. Lakini jambo hilo, ambalo hatulikubali katika kulinda ghala la silaha, tunalikubali kila siku majumbani mwetu mzazi anapougua. Binti mmoja, au mke wa mwana mmoja, huachiwa mgonjwa mwezi baada ya mwezi, na jamaa wengine wote hutuma salamu za pole.

Ndugu msomaji, mimi ni mke wa askari, na nimeishi kambini miaka 19. Mama yangu mzazi aliugua saratani ya shingo ya kizazi kwa muda wa karibu miaka miwili, kuanzia mapema mwaka 2022, wakati mume wangu alipokuwa kazini Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Siandiki habari hii ili nihurumiwe. Naiandika kwa sababu tulipata msaada mwingi, na nadhani jamaa za askari na polisi, ambao aghalabu huishi mbali na kwao, watafaidika wakijua msaada huo ulitoka wapi na uliombwa namna gani.

Ugonjwa uliofichwa

Mama alikuwa na umri wa miaka 71, mjane, akiishi katika vilima vya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Huko mashamba hulimwa kwa matuta kuanzia bondeni mpaka kileleni, na asubuhi ukungu hutanda mpaka jua likolee. Alilima mtama, maharagwe na viazi, na hakupenda kuambiwa apumzike.

Damu ilipoanza kumtoka tena, miaka zaidi ya 20 baada ya kukoma kwa hedhi, hakumwambia mtu. Wanawake wa rika lake walilelewa kuamini kwamba mambo ya kizazi hayasemwi mbele ya wana wa kiume, na wana wa kiume ndio waliokuwa karibu naye. Alifua nguo zake usiku na kuzianika ndani. Aliyegundua ni wifi yangu, mke wa ndugu yangu mdogo. Aliona kwamba mavyaa wake haketi tena sawasawa, anaegemea upande mmoja, na kila akiinuka hushika kiuno. Wifi hakunyamaza kwa kuogopa kuambiwa kwamba anamchunguza mkwewe. Alimwuliza kwa heshima wakiwa wawili tu jikoni, kisha akanipigia simu. Basi msaada wa kwanza tulioupata ulikuwa macho ya mkaza mwana, na ujasiri wake wa kusema.

Kutoka kwa mama hadi barabara ya gari ni mwendo wa saa nzima kwa njia ya mteremko mkali. Mtu mzima mwenye afya huteremka kwa uangalifu, mgonjwa hawezi. Lakini watu wa Kigezi wana desturi ya zamani iitwayo engozi. Engozi ni machela iliyosukwa, yenye miti miwili mirefu ya kubebea. Kila kijiji kina chama chake cha engozi. Kila nyumba hutoa mchango, na mgonjwa akihitaji kupelekwa hospitali, wanaume huitwa, nao huja. Asiyekuja bila sababu hutozwa faini.

Nilikuwa nimesafiri kwenda kumchukua, kwa hiyo nilitembea nyuma ya machela ile. Wanne walibeba, na nyuma yao walifuata wengine wanane mikono mitupu. Mgeni angeweza kudhani kwamba hao wanane wanasindikiza tu. Kumbe wao ndio waliowezesha safari, kwa kuwa kila baada ya hatua mia mbili au tatu mtu alisema neno moja, bega likabadilishwa na bega, na machela haikusimama. Mama alikuwa ametoa mchango wake katika chama hicho kwa zaidi ya miaka 30, mara kwa fedha, mara kwa maharagwe. Akiwa amelala pale juu, amefunikwa blanketi, aliniita akasema, "Mwanangu, leo ndiyo nakula akiba yangu."

Baraza la jamaa

Vipimo vilionyesha kwamba saratani ilikuwa imefika hatua ya tatu. Daktari alitueleza kwamba upasuaji hautafaa tena, bali mama atibiwe kwa mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala, kila siku Jumatatu hadi Ijumaa kwa muda wa majuma matano hivi. Kutoka Kigezi hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 400. Ilikuwa lazima mgonjwa apate mahali pa kulala, mtu wa kumsindikiza, chakula na nauli.

Tuliporudi nyumbani, ndugu zangu walitofautiana. Kaka mkubwa, mwenye duka, alitaka shamba liuzwe mama apelekwe India. Wa pili, ambaye ni mkulima na hana mapato mengine, alisema tuanze kwa mganga wa miti shamba. Wa tatu, mwendesha boda boda, alinyamaza. Mdogo wetu wa kike, mwalimu wa shule ya msingi, alilia. Nyumba nyingi huvunjikia hapo, kila mtu akimtuhumu mwenzake kwamba hampendi mama.

Mjomba wetu, ndugu wa mama, ndiye aliyetuokoa. Aliwanyamazisha wote akasema, "Mwenye mwili yuko hapa, na hakuna aliyemwuliza." Mama aliulizwa. Alijibu bila kusita kwamba anataka kutibiwa hapa hapa nchini, shamba lisiuzwe kwa sababu wajukuu watakula nini, na ikiwa dawa itashindwa arudishwe kufia nyumbani kwake. Pia alikataa kufichwa chochote. "Nimemzika mume na watoto wawili," alisema. "Mnadhani kuna habari gani itakayonitisha?"

Baada ya hapo kazi ilikuwa rahisi zaidi. Tulichukua daftari la shule tukachora mistari kama inavyochorwa orodha ya zamu: jina, siku, kazi. Kaka mkubwa alipewa nauli na dawa za kununua. Wa pili, asiye na fedha, alipewa kulima shamba la mama na kutunza mbuzi wake, na baadaye kulala nyumbani kwake. Mwendesha boda boda alipewa kufuata dawa na kumpeleka mama kliniki. Mwalimu alipewa siku zote za likizo ya shule. Mimi, ninayeishi karibu na Kampala, nilipewa majuma matano ya mionzi. Mjomba alishika daftari. Hakuna aliyeambiwa asaidie kadiri awezavyo, kwa maana maneno hayo humpa mvivu pa kujificha na humwongezea mzigo mwenye huruma.

Kambini

Watu wengi hudhani kambi ya jeshi si mahali pa kumleta mzazi mgonjwa. Chumba ni kimoja na pazia katikati, choo ni cha wote, na mgeni hawezi kulala bila kuandikwa kota gadi. Mume wangu alikuwa Mogadishu. Nilikwenda kwa kamisaa wa kikosi nikiwa na barua ya daktari, nikamweleza idadi ya majuma, si zaidi. Alisoma barua, akatoa idhini siku ile ile, na akaagiza askari wa langoni wasimcheleweshe mama asubuhi. Nimejifunza kwamba mkubwa wa kazi huona urahisi kukubali jambo lenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha kuliko malalamiko yasiyo na mipaka.

Majirani nao walikuja na kusema kama ilivyo desturi, "Ukihitaji kitu, tuambie." Maneno hayo ni mema, ila hubaki hewani mpaka uyape kazi. Basi niliyapa kazi. Kwa mmoja nilisema, "Jumanne na Alhamisi naomba uwapokee watoto wangu wakitoka shuleni." Kwa mwingine, "Naomba unichotee mitungi miwili ya maji kila jioni." Hakuna aliyekataa. Nadhani wengi walifurahi kuambiwa kazi wanayoiweza.

Mke wa sajini, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuja bila kuitwa. Yeye ni mwenyeji wa West Nile, hajui neno hata moja la Kikiga, na mama yangu hakujua Kiswahili. Siku ambazo mimi nililazimika kwenda sokoni, yeye ndiye aliyemwogesha mama na kumpikia uji. Waliongea kwa mikono na kwa vicheko. Juma la tano lilipokwisha mama alikuwa amejifunza maneno matatu: asante, maji, na dada. Neno la mwisho alikuwa akimwita jirani yangu, aliyekuwa na umri mdogo kuliko mimi.

Mume wangu alipiga simu kila mtandao uliporuhusu. Aliniambia, "Sina namna ya kushika beseni nikiwa huku, lakini nimeomba mkopo Wazalendo." Wazalendo ni chama cha akiba na mikopo cha wanajeshi wetu, polisi nao wana chao kiitwacho Exodus. Fedha zile zilifika kwa simu, na ndizo zilizolipa gari la kumpeleka mama Mulago siku ambazo hakuweza kupanda basi dogo la abiria. Askari aliye mbali asifikiri kwamba hana sehemu katika orodha ya zamu. Anayo, mradi aipewe kwa jina.

Maumivu yana dawa

Mionzi ilizuia damu, na mama alirudi kwake akaishi vizuri kwa muda wa miezi minane, akipalilia mtama kidogo kidogo. Kisha maumivu yalirudi, ya mgongo na miguu. Madaktari walitwambia wazi kwamba saratani imeenea na haitapona. Tulidhani sasa hakuna la kufanya ila kungoja, na kusikiliza mama akiuma shuka usiku.

Hapo ndipo muuguzi wa hospitali ya wilayani alipotueleza habari ya mofini. Yafaa kila jamaa aijue. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Uingereza, alianzisha shirika liitwalo Hospice Africa Uganda, kwa ajili ya kuwatunza wagonjwa wasioweza kupona ili wasiteswe na maumivu. Mwaka 1998 matawi yalifunguliwa Mbarara na Hoima. Unga wa mofini huchanganywa na maji na kutiwa rangi inayoonyesha nguvu yake, ukawa dawa ya kunywa ambayo mgonjwa huipata bila malipo. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalum kuiandikia wagonjwa, kwa kuwa madaktari ni wachache vijijini. Kwa ajili hiyo mama yangu aliipata bila kusafiri tena hadi Kampala.

Ndugu zangu waliiogopa. Mmoja alisema ni dawa ya kumwua mtu polepole, mwingine kwamba itamfanya mama kuwa mlevi. Muuguzi aliwajibu kwa subira. Alieleza kwamba dawa hii hupimwa kwa kiasi kinacholingana na maumivu. Kwamba hutolewa kila baada ya saa nne, kabla maumivu hayajarudi, wala si kungoja mgonjwa alie. Kwamba dozi ya wakati wa kulala huongezwa ili apate usingizi. Na kwamba sharti iandamane na dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Alituonya pia tuiweke mahali pasipofikiwa na watoto, na tusibadilishe kiasi bila kumwuliza.

Basi dawa nayo ikapata orodha ya zamu. Wifi yangu hakusoma shule, kwa hiyo mwanawe wa darasa la tano alipewa kazi ya kutia alama katika daftari kila bibi yake aliponywa. Usiku wa tatu mama alilala mpaka alfajiri. Alipoamka aliomba obushera, uji wa mtama wa kwetu, akanywa kibuyu kizima, kisha akauliza kwa nini mbuzi hawajafunguliwa.

Mlinzi naye ni binadamu

Siku moja muuguzi yule alipokuja, alimpima mama, akaandika, kisha akamgeukia wifi yangu. Akamwuliza, "Na wewe, umelala lini?" Wifi alitaka kujibu akashindwa, machozi yakamtoka. Alikuwa amekonda. Kwa miezi mitatu aliamka kila usiku kumgeuza mama ili asipate vidonda vya mgongo, na mchana alilima na kupika. Hakuwa amelalamika hata mara moja, na kutolalamika kwake kulikuwa kumewapumbaza wote.

Mjomba alifungua daftari siku ile ile. Wifi alipewa siku 10 kwenda kwa wazazi wake, akiwa na nauli na kitenge kipya, na mimi niliitwa kutoka kambini kushika nafasi yake. Kaka yangu wa pili aliongezewa zamu ya usiku. Wapo waliocheka kwamba mwanamume hawezi kumuuguza mama yake. Mambo ya kumwogesha yalibaki kwa wanawake, kama heshima ilivyotaka. Lakini kumgeuza akiwa amefunikwa shuka, kumnywesha maji kwa kijiko, kupima dawa na kukaa naye gizani akizungumza, hayo yote aliyafanya, na aliyafanya vizuri kuliko sisi sote.

Mama alifariki mwezi wa Novemba 2023, alfajiri, kitandani pake, katika zamu ya kaka huyo. Hakufa kwa maumivu. Shamba lake lipo, na wajukuu wanakula mtama wake.

Mambo ya kushika

Ndugu zangu askari, polisi, na sisi tulio wake na watoto wao, naomba nimalizie kwa mambo machache ambayo nimeyaona yakifaa.

Kwanza, mzazi akiugua sana, jamaa wakutane mapema, na mgonjwa mwenyewe aulizwe anachotaka. Aliyehamishiwa mbali apigiwe simu kikao kikiendelea, asipelekewe uamuzi uliokwisha kukatwa.

Pili, kazi ziandikwe kwa majina na siku. Mwenye fedha atoe fedha, asiye na fedha atoe mikono yake, na asiye na nafasi ya kuwa karibu atafutiwe kazi ifanyikayo kwa mbali. Mmoja, anayeheshimiwa na wote, ashike daftari.

Tatu, unapomwomba mkubwa wa kazi ruhusa, mpelekee barua ya daktari na idadi ya siku. Unapomwomba jirani msaada, mwambie kazi yenyewe na saa yake.

Nne, usikubali kuambiwa kwamba maumivu ni sehemu ya ugonjwa na lazima yavumiliwe. Uliza katika hospitali iliyo karibu nawe ni nani aliyefundishwa kutunza wagonjwa wasiopona, na kama mofini ya kunywa inapatikana.

Tano, mtazame anayemtazama mgonjwa. Mpe siku za kupumzika kabla hajaziomba, kwa kuwa wengi hawataziomba kamwe.

Tena kuna jambo kwa ajili ya mabinti. Saratani hii ni miongoni mwa zile ambazo zaweza kuzuiwa. Tangu mwaka 2015 chanjo yake hutolewa Uganda nzima kwa wasichana wa miaka 10, na wanawake huweza kupimwa dalili za mwanzo kabla ya ugonjwa wenyewe kuingia. Mimi na mdogo wangu tulikwenda kupimwa mwezi uliofuata mazishi, na wifi tulimchukua pamoja nasi. Mwanamke ambaye damu imemrudia baada ya kukoma hedhi asingoje. Aende hospitali juma lile lile, na mabinti na wakaza wana wamwulize bila kuona haya.

Mwisho, jiunge na chama ungali mzima, kiwe cha kijijini kwenu au cha kambini. Mchango wa mwezi huonekana kama fedha iliyopotea, hasa mshahara ukiwa mdogo na karo inadaiwa. Mama yangu alichangia kwa zaidi ya miaka 30 bila kubebwa hata mara moja. Siku alipohitaji, watu kumi na wawili walikuwa mlangoni kabla jua halijapanda.